Mabuu kwenye bakuli la mbwa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafuga mabuu hapa Morogoro, na wateja wangu wa kwanza walikuwa wenye kuku wa mayai. Wenye mbwa walianza kuja mmoja mmoja. Walikuwa wanasimama pembeni kidogo mpaka wengine waondoke, halafu sauti inashuka: "Na mbwa je, anakula?" Anakula. Lakini jibu hilo huzaa maswali mengine kumi, na yamekuwa yale yale kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Kumbuka tu kwamba mimi ni muuzaji. Pia utaona mahali kadhaa nakwambia usinunue.

Ni wadudu gani hasa tunaowazungumzia?

Kwa huku kwetu, mara nyingi ni mabuu wa yule nzi mweusi mrefu anayefanana na nyigu. Jina lake la kitaalamu ni Hermetia illucens, ila ukienda kwa wafugaji utasikia "BSF" tu, kifupi cha jina lake la Kiingereza, black soldier fly. Nzi huyu haumi wala hashindi kwenye chakula chako, kwa sababu akishakuwa mkubwa shughuli yake ni kupandana, kutaga na kufa ndani ya siku chache. Walafi ni watoto wake. Kwa wiki mbili hadi tatu wanatafuna maganda, machicha ya pombe na mboga zilizolala sokoni, mpaka ukiweka sikio juu ya beseni unasikia mchakacho kama mvua nyepesi juu ya majani.

Nchi nyingine hutumia pia nyenje wa kufugwa na mabuu wa dundu wa unga. Uingereza kuna chakula cha mbwa kiitwacho Yora, kilichoingia sokoni mwaka 2019, kinachotumia mabuu kama wangu. Marekani wapo Jiminy's walioanza na nyenje. Afrika Mashariki utafiti wa wadudu kama chakula na malisho umefanywa sana na icipe, kituo kilichopo Kasarani, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo.

Mbwa akila funza, hawatamtokea kwenye ngozi?

Hapana. Hili naulizwa kuliko yote, na silishangai, maana kila aliyefuga mbwa amewahi kuminya uvimbe kwenye paja au tumboni akaona funza mnene mweupe akichomoza.

Huyo ni wa nzi mwingine kabisa. Nzi yule hutaga kwenye mchanga au matandiko yenye harufu ya mkojo, mayai yakianguliwa vifunza hungoja mnyama alale hapo, kisha hutoboa ngozi na kuingia. Haingii kwa mdomo. Dawa yake ni kusafisha banda, kuanika matambara ya mbwa mpaka yakauke kabisa, na kuyapiga pasi ukiweza. Mabuu wa nzi mweusi hawatoboi ngozi ya mtu wala mnyama, na ukiwachemsha na kuwakausha hakuna cha kufufuka tumboni.

Ndani yao kuna nini?

Mabuu wakavu wasiokamuliwa mafuta huwa na protini kama 40% na mafuta kama 30%. Namba hizo hupanda na kushuka kutegemea walichokula na umri waliovunwa. Wakikamuliwa mafuta, unga unaobaki hupita 50%. Karibu nusu ya mafuta yao inaweza kuwa asidi ya lauriki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. Wana kalsiamu nyingi sana, kwa sababu ngozi yao imejengwa kwa chokaa. Na wana kitini, yaani lile ganda gumu la wadudu na uduvi, ambalo tumboni mwa mbwa linafanya kazi kama makapi ya nafaka.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wauzaji huwa tunalipita kimya. Maabara hupima naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25 kupata protini. Kitini nacho kina naitrojeni, ila si protini. Kwa mabuu, watafiti wamependekeza kuzidisha kwa 4.76. Kwa hiyo mfuko ulioandikwa 40% unaweza kuwa na protini ya kweli iliyo karibu na 30%. Si wizi, ndivyo vipimo vya malisho vilivyozoeleka, lakini ulinganishapo na dagaa ujue.

Basi nikimpa mabuu niache dagaa?

Usiache. Tena kabla ya kununua chochote kwangu, nenda kaangalie bakuli.

Mbwa wengi wa mtaani kwetu, hata wale wa ulinzi wanaosifiwa, wanakula ugali wa dona au wa pumba uliochanganywa na dagaa wachache, mara nyingi vichwa tu. Chukua mbwa mzima wa kilo 20 anayekula unga wa mahindi gramu 300 kwa siku. Unga huo una protini gramu 25 hivi. Kipimo wanachofuata watengenezaji wa chakula cha mbwa Marekani ni angalau 18% ya chakula kikavu, kwa mbwa mzima. Kwa gramu 300 hiyo ni gramu 54. Upungufu ni karibu gramu 30 kila siku. Na hiyo protini ya mahindi yenyewe ina kasoro, haina laisini wala triptofani ya kutosha, yaani vile vijenzi vya protini ambavyo mwili unavihitaji.

Sasa ongeza mabuu wangu gramu 20, kiasi ambacho mtu huona ni kingi akikimimina kiganjani. Umeongeza gramu 8 kwa hesabu ya mfuko. Shimo bado lipo. Dagaa wakavu gramu 40 wangeleta gramu 24 hivi peke yao, maana dagaa aliyekauka vizuri ni protini kama 60%.

Kwa hiyo mabuu ni kitoweo cha nyongeza. Wanaleta laisini ambayo ugali hauna ya kutosha, na kalsiamu ambayo ugali karibu hauna kabisa: hizo gramu 20 zinaweza kubeba gramu moja ya kalsiamu, na mbwa wa ukubwa huo anahitaji kidogo zaidi ya gramu moja kwa siku. Hilo si dogo. Ila kama bakuli lote ni pumba na maji, punguza pumba kwanza, tafuta utumbo, mapupu, miguu ya kuku au dagaa wenyewe. Kuna mama mmoja alikuja kununua kilo tano kwa ajili ya mbwa wake aliyekonda mbavu nje. Nilimuuliza anakula nini, akasema, "Ukoko wa ubwabwa, kaka, na maji ya kuoshea samaki." Nilimuuzia nusu kilo nikamwelekeza buchani.

Nimpe kiasi gani kwa siku?

Kanuni ya madaktari wa mifugo ni kwamba vya nyongeza vyote kwa pamoja visizidi 10% ya nguvu ya chakula cha siku. Mabuu wakavu gramu 100 zina kama kilokalori 500, kwa hiyo ukomo unakuja hivi: mbwa wa kilo 5, gramu 7, wa kilo 10, gramu 12, wa kilo 20, gramu 20. Ni ukomo, si lengo. Anza na robo yake kwa wiki nzima, tazama kinyesi, ndipo uongeze.

Pima kwa mizani. Mabuu wakavu ni wepesi kama bisi, na "konzi moja" ya fundi ujenzi si konzi ya mtoto wa shule.

Watoto wa mbwa je?

Hapa nasita, na hasa kwa mbegu kubwa: German Shepherd, Boerboel na wenzao. Mtoto wa mbwa anahitaji protini zaidi, kipimo cha Marekani ni 22.5%, na mtu akisikia hivyo anataka kummiminia mabuu. Tatizo ni kalsiamu. Mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo mzuri wa kuizuia isiingie mwilini ikizidi, na mifupa yake inayorefuka haraka hukua vibaya. Kama anakula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, kalsiamu yake imeshapimwa, usiongeze mabuu mpaka akomae. Kama anakula chakula cha nyumbani, muone daktari akupangie mlo mzima.

Mbwa wangu anajikuna sana. Nimesikia wadudu wanatibu mzio.

Kuna ukweli nusu. Mbwa mwenye mzio wa chakula mara nyingi huwa ameshindwana na nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano. Ukimpa protini ambayo mwili wake haujawahi kuiona, na usimpe kitu kingine chochote kwa wiki nane hivi, unaweza kujua kama chakula ndicho kinachomsumbua. Wadudu wanafaa kwa jaribio hilo kwa sababu ni wageni tumboni mwake. Ila neno lenye uzito hapo ni "kitu kingine chochote". Mabuu juu ya ugali wenye supu ya kuku si jaribio.

Halafu kuna upande wa pili. Utitiri wa vumbi la nyumbani ni ndugu wa mbali wa wadudu, na baadhi ya protini zao zinafanana. Damu ya mbwa wenye mzio wa utitiri imeonekana maabara ikizitambua protini za mabuu wa dundu wa unga kama adui yule yule. Si lazima mbwa huyo aumwe akila, lakini ukiona anazidi kujikuna, acha.

Na kwa hapa kwetu, kabla hujafika kwenye mzio, geuza manyoya nyuma ya masikio na kwenye shina la mkia. Viroboto. Kupe. Upele. Tisa kati ya kumi wanaoniletea swali hili wangemaliza shida kwa dawa ya viroboto na kusafisha banda. Hiyo tisa ni makadirio yangu ya mezani, usiyapeleke mahakamani.

Senene, kumbikumbi, panzi wa shambani, nzige: si wadudu hao hao?

Ni wadudu, na mbwa atawala kwa furaha. Mvua ikinyesha, kumbikumbi wakaruka kuzunguka taa, mbwa wangu Chui hakai ndani. Kumbikumbi wachache waliojiangukia hawana neno. Wengi mno kwa mpigo humtapisha, kwa mabawa na mafuta.

Senene wa kukaanga wa Bukoba ni habari nyingine. Senene wenyewe hawana shida, shida ni mkono wa mpishi: chumvi, na kitunguu. Kitunguu, kibichi au cha kukaanga, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kitunguu saumu vilevile. Ukitaka kumgawia, mtolee wake kabla sufuria haijaungwa.

Nzige na panzi waliookotwa shambani, hapana. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walipofunika kaskazini mwa Kenya, walipigwa dawa kutoka angani, na mdudu aliyenyunyiziwa hafi papo hapo, huruka akaangukia ua wa jirani. Viwavijeshi kwenye mahindi nao ni hivyo hivyo, karibu kila mkulima amepiga kitu.

Wabaya kuliko wote ni wale dundu wanaoviringisha mavi. Hao hubeba mnyoo uitwao Spirocerca lupi, unaofahamika siku nyingi kwa mbwa wa Kenya. Mnyoo unaingia ukutani mwa umio na kujenga vinundu, na baadhi ya vinundu hugeuka saratani. Mbwa anatapika chakula ambacho hata tumboni hakijafika, mwenye mbwa anadhani amekwamwa na mfupa. Kiroboto naye akimezwa huacha tegu. Ndiyo maana mdudu wa kufugwa na mdudu wa kuokota ni vitu viwili.

Wabichi au wakavu?

Wakavu, na waliochemshwa kabla ya kukaushwa. Jua peke yake linakausha lakini haliui bakteria wote, na mabuu wameishi ndani ya uozo maisha yao yote. Salmonela haimsumbui mbwa peke yake, inahamia kwenye mikono ya mtoto anayemlisha.

Mimi nafanya hivi. Navuna wakiwa bado rangi ya maziwa, kabla hawajageuka weusi, kwa sababu weusi ganda limekomaa na kitini kimezidi. Nawachekecha, nawaacha usiku mmoja bila chakula ili matumbo yasafike, nawaosha maji matatu. Maji yakichemka kweli nawamwaga humo kwa dakika tano. Wanajinyoosha papo hapo. Kisha wanaanikwa juu ya wavu, si juu ya bati linalowaunguza upande mmoja, na mwisho nawapitisha kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike kati ya vidole kwa mlio. Kilo tatu mbichi hurudi kama kilo moja.

Kama utafanya nyumbani, sufuria na chekecheke viwe vya kazi hiyo tu.

Kuna haja ya kumuuliza muuzaji mabuu walikula nini?

Ndilo swali la kwanza unalopaswa kuuliza, na wachache sana wananiuliza. Mabuu hawa hula chochote, pamoja na kinyesi cha vyoo, na ipo miradi inayowatumia hivyo kusafisha miji. Ni kazi nzuri, ila si mabuu wa bakuli la mbwa anayelamba mikono ya watoto. Pia hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu, mwilini, kwa hiyo taka za dampo zilizochanganyika na betri na rangi ni hatari hata wakichemshwa. Umoja wa Ulaya unawahesabu wadudu kama mifugo: hawaruhusiwi kulishwa samadi wala mabaki ya hotelini. Sisi hatujabanwa hivyo, basi uliza. Akijibu "vitu vya sokoni tu" huku anaangalia simu, ondoka.

Nitautambuaje mzigo mzuri?

Ukishika, wawe wakavu na wepesi, wasishikane. Harufu iwe kama ya karanga zilizokaangwa, au uduvi kwa mbali. Ikinuka kama rangi ya mafuta ya kupaka ukutani, mafuta yake yameharibika. Ukiona vumbi la kijani au jeupe, ni ukungu, na ukungu huja na sumukuvu, ile ile ya mahindi, ambayo huua ini la mbwa. Usipepete ukabakiza "wazima".

Nimewahi kupoteza gunia zima kwa haraka ya kupeleka mzigo. Masika, jua la kuibia, nikafunga mabuu wakiwa bado na unyevu kidogo katikati. Baada ya siku tisa nilifungua nikakuta joto ndani ya gunia, unaingiza mkono unautoa kama kwenye uji. Hata kuku sikuwapa. Tangu siku ile nafungasha ndoo za kufunika kwa mfuniko mgumu, na mteja namwambia anunue za mwezi mmoja, asiweke akiba.

Sheria inasemaje?

Kenya ina kiwango maalumu cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya malisho, KS 2711 cha mwaka 2017. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017, kisha kuku na nguruwe mwaka 2021. Marekani, chombo cha viwango vya malisho kilikubali mabuu wa nzi mweusi kwa mbwa wazima mwaka 2021, na mabuu wa dundu wa unga mwaka 2024. Angalia maneno "mbwa wazima".

Ni kweli yanaokoa mazingira?

Kule ambako mbwa hupewa mnofu wa ng'ombe, hoja ina nguvu. Huku mbwa wetu anakula utumbo na miguu ya kuku, vitu ambavyo vingetupwa, kwa hiyo sitakudanganya kwamba unaokoa msitu. Kinachonigusa mimi ni dagaa. Dagaa wale wale wanagombewa na sufuria ya nyumbani, kiwanda cha chakula cha kuku na bakuli la mbwa. Kila kilo ya mabuu inayoingia kwa kuku na mbwa inapunguza foleni hiyo.

Mbwa wangu ni mgonjwa. Nimpe?

Mwenye figo mbovu au aliyewahi kuvimba kongosho, usimpe bila daktari: wa kwanza kwa sababu ya protini na madini, wa pili kwa sababu ya mafuta. Mbwa aliyetoka kujifungua na ananyonyesha anahitaji chakula kingi zaidi cha kila aina, si mabuu zaidi.

Amekula akaharisha.

Ulimzidishia. Acha siku tatu, mpe maji ya kutosha, rudi na kiasi cha chini. Kinyesi kikiwa na damu, au kutapika kusipokoma ndani ya siku moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie alichokula.

Na paka?

Kama kionjo, kimoja viwili, sawa. Paka ni mla nyama zaidi ya mbwa, anahitaji taurini ya kutosha kutoka kwenye chakula, usimjengee mlo juu ya mabuu.

Amekataa kabisa kula. Nifanyeje?

Wapo. Chui mwenyewe alinusa mara ya kwanza, akanitazama, akatoka nje kwenda kulala chini ya mwembe. Nilisaga, nikachanganya kwenye supu ya mifupa isiyo na kitunguu, nikaacha ipoe. Siku ya pili alilamba supu akaacha unga chini ya bakuli, amepanga vizuri kama mtu anayeosha mchele. Siku ya tano alikula. Wengine hawali hata wiki ya tatu, na hapo usimlaze njaa ili umlazimishe. Mwite jirani mwenye kuku.